Sikio la Kulia

Kopo lilifika saa mbili asubuhi, jina limebandikwa ubavuni:
Bortolussi, Ennio. Miaka sabini na minane. Sikio, la kulia.
Nikaliweka mezani, nikanawa mikono mara ya pili
bila sababu.

Katika maabara hii ya Townsville hatujui watu.
Tunajua namba. Tunajua nta,
na wembe unaoikata nyembamba kuliko neno la pole,
na maji ya uvuguvugu ambamo kipande huelea
kikijikunjua kama utando wa maziwa.

Lakini huyu namjua. Aliendesha lori la miwa
kutoka mashamba ya Ingham hadi kiwandani,
kiwiko nje ya dirisha la kulia,
maana kwetu dereva hukaa kulia,
na jua lilimjia hukohuko, msimu hadi msimu,
miaka arobaini likilinong'oneza sikio lilelile.

Nasi, mimi na binti yake Loredana,
tulilala kifudifudi kwenye mbao za veranda
tukibanduana ngozi ya mgongo, siku tatu baada ya bwawani.
Mwenye kutoa kipande kirefu bila kukatika ndiye mshindi.
Kimoja nilikihifadhi ndani ya daftari la hesabu.
Hatukujua kwamba tumeshika maiti:
kila seli mle ilisomewa hukumu usiku,
umeharibika, usizae, ondoka,
nayo ikaondoka, bila matanga.

Msomaji wa hukumu ni protini moja.
Haina jina, ina namba: hamsini na tatu.
Ndio uzito wake, walidhani walioipima.
Walikosea. Namba ikabaki.
Hukaa katika kiini cha seli kama karani wa zamu ya usiku,
kalamu sikioni,
akikagua barua kabla hazijanakiliwa.
Jua likizibana herufi mbili jirani mpaka zigandane,
karani husema: simama. Tengenezeni kwanza.
Ikishindikana, husema lile neno jingine.

Lakini karani naye ameandikwa.
Maagizo ya kumuumba yamo katika barua zilezile,
na jua halichagui ukurasa.
Kikulacho ki nguoni mwako;
hiki kilikuwa ndani zaidi ya nguo,
na hakikuja kula. Kiliajiriwa kulinda.

Mchana nikatia rangi.
Palipo na protini ile pawe kahawia,
kwingine kote kubaki buluu.
Katika ngozi nzima karani haonekani sana:
akimaliza kazi huita wa kumwondoa,
huacha madoa mawili matatu, hapa na pale.
Sikio la Ennio lilikuwa kahawia tupu.
Kiini baada ya kiini, safu juu ya safu,
karani kajaa kila chumba, kila kiti,
na hasemi kitu.
Herufi moja imebadilika, mkono wake haushiki tena karatasi.
Na wa kumwondoa hajaja,
kwa kuwa yeye ndiye aliyepaswa kumwita.

Mwanafunzi wetu, Teuila, aliinama kwenye darubini.
"Mbona walinzi ni wengi hivi? Si ndio vizuri?"
Nikatafuta jibu, nikaona kikombe changu cha chai kimepoa.
Nikamwambia aandike: rangi nzito, imetapakaa.

Mzee ataishi, nadhani.
Daktari ataongeza kukata kidogo pembeni,
na sikio litabaki na pengo, kama tiketi iliyotobolewa.
Atacheka, atalificha chini ya kofia
ambayo ingemfaa mwaka sabini na moja.

Jioni Loredana alipiga simu.
Tuliongea habari za mvua, na bei ya miwa,
na mbwa wao anayekula viatu.
Sikumwambia. Si yangu kusema.
Simu ilikuwa kwenye sikio la kulia.
Nikaihamisha.