Pishi Kumi na Nne

Semeni mtakavyo, mie nasema Mwalimu Khelef katufungisha.
Tunaongoza nne kwa mbili, zamu ya sita,
watu wa Mkoani wameshaanza kutazama viatu vyao,
naye anainuka, anajipangusa suruali,
anakwenda kumpokonya Shaame mpira
kama anayemnyang'anya mtoto kisu.

Shaame Faki! Yule shoto wa Kizimbani,
mrefu, mkimya, miguu kama mibua ya mtama,
anayerusha kana kwamba hana haja.
Mpira wake hauna kasi, hilo nakubali,
hata bibi yangu angeuona ukija.
Kuuona, sawa. Kuugonga sasa!
Unakuja umenyooka, umetulia, una adabu zake,
ukikaribia gongo unakata kona
kama barabara ya zamani ya Chake,
na mpigaji wa watu anabaki kupunga upepo.

Kaingizwa nani? Nassor.
Mkono wa bunduki, shabaha hana.
Wa kwanza kampa besi ya bure. Wa pili, bure.
Wa tatu kamtandika mbavu, akaambiwa pole, akaenda besi anachechemea.
Kisha mmoja ukampita mdakaji, ukavuka njia,
ukatua juu ya jamvi la Bi Mize,
katikati ya karafuu zenye siku ya tatu juani.
Bi Mize akaukalia. Yakhe, akaukalia kweli!
Hanyanyuki mpaka alipwe zilizomwagika.
Na mipira yenyewe tunayo miwili.

Mengi nimeyanyamazia mwaka huu.
Glavu tisa kwa timu mbili,
unavaa jasho la adui yako kila zamu:
hilo si kosa la mtu.
Lakini Ussi besi ya kwanza?
Ussi, asiyeweza kudaka shokishoki
akirushiwa na mamake, tena kwa kubembelezwa?
Kwa sababu kapteni kamuoa dadake?

Saba kwa nne.

Nikamfuata Mwalimu penye baiskeli yake.
Nikamwambia, mie kazi yangu kupima.
Pakacha nikilitazama tu najua lina pishi ngapi,
sihitaji kulimimina.
Na macho haya yanakwambia Shaame
alikuwa na zamu mbili nzima begani.

Hakunijibu. Akamwita kijana.
"Nyanyua mkono."
Ukafika usawa wa kidevu,
ukatetemeka, ukarudi chini wenyewe.
"Jana alikuwa mkarafuuni," akasema Mwalimu.
"Muulize alichuma pishi ngapi."

Sikumuuliza.
Daftari langu, mwandiko wangu:
Ijumaa, Shaame Faki, kumi na nne.
Tena nilimsifu mbele ya kambi nzima,
nikampiga kofi la pongezi
bega lile lile.

Usiku sikulala vizuri.
Jumamosi ijayo Micheweni wanakuja.
Naweza Ijumaa kumwambia, Shaame, ukifika tano shuka,
kalale.
Hizo tisa atamlipa nani?
Kwao wanakula hizo tisa.
Pishi haipimi hilo.

Basi, kumtoa, Mwalimu alipatia.
Nitamwambia. Si leo, na si mbele ya Ussi.

Ila Nassor, hapana, hapo simwachii!
Benchi lina Kombo, yule mdogo wa Jadida,
sauti bado haijavunjika,
shati la timu linamfika magotini.
Nimemwona akilinda majamvi ya kwao:
anaokota kijiwe, hata hainuki,
na kuku wa jirani anarudi kwao anahesabu vidole.
Umemwona, Mwalimu? Hujamwona.
Njoo kambini Jumatatu, saa nne, jua likiwa kali.
Kaa na mie nyuma ya pakacha.
Usiseme kitu. Tazama mkono tu.