Kona ya Kafubu

Kaumba alikipima kiwanja chake kwa hatua,
arobaini na mbili toka tanuru hadi ukingoni.
Ulikuwa mwaka ule mvua zilipochelewa.
Mwaka huu amehesabu thelathini na moja,
akarudi tanuruni, akahesabu tena,
kana kwamba miguu yake ndiyo iliyoiba.

Mimi niko ng'ambo, upande wa ndani wa kona.
Nilianza na matuta manne ya lengalenga.
Sasa ninayo tisa, na sikununua hata shubiri.

Ananiita mwizi. Kwa utani, mwanzoni.
Halafu si kwa utani.

Nikamwambia: njoo tuyatazame maji.
Tulikaa juu ya matofali yake yaliyoungua vibaya,
tukarusha magunzi ya mahindi mtoni.
Yaliyoelekea kwake yalikimbia,
yakajigonga kwenye ukuta wa udongo, yakapotea.
Yaliyokuja kwangu yalizubaa,
yakazunguka kama wageni wasiojua mlango,
yakakaa mchangani.

Ni hivyo tu, Kaumba. Mto hauna kinyongo.
Penye haraka unachimba, penye uchovu unatua mzigo.
Mama yangu aliukuta hapa ukiwa karibu kunyooka.
Mti ukaanguka, maji yakapinda kulikwepa gogo,
gogo likaoza,
maji hayajaacha kupinda.
Ukingo wako unasema bandu bandu huisha gogo,
wangu unajibu haba na haba hujaza kibaba.
Mdomo ni mmoja.

Hakucheka.
Alinyoosha kidole kwenye ukuta wake uliokatwa wima:
matundu, kama kumi hivi.
Mdiria akachomoka, buluu tupu,
akapiga mbizi, akarudi na kidagaa, akaingia ndani.
"Huyu naye," akasema Kaumba, "amejenga bila hati."

Kwangu ndege yule hawezi kuchimba,
mchanga ungewafukia watoto wake.
Anataka ukuta mpya, uliomeguka juzi.
Anataka hasara ya Kaumba.

Nyuma ya tanuru kuna kidimbwi chenye umbo la mundu.
Hakiingii maji wala hakitoi, ila mvua ikizidi.
Kilikuwa mto.
Usiku mmoja wa Februari Kafubu ulichoka kuzunguka,
ukakata shingo ya nchi kavu, ukajiendea,
ukaiacha kona yake kama mkufu uliokatika.
Sasa mafunjo yamekiziba nusu,
kambale wanataga humo, samaki wadogo wanajificha humo
mto mkubwa unapokuja na hasira zake,
na vyura wanapiga kelele mpaka jirani anafunga dirisha.
Huko chini Kaumba huchota ule udongo mweusi, laini,
usiopasuka motoni.
Nilimuuliza: huo ulimwibia nani?

Alinyamaza muda mrefu.

Kisha mimi nikatazama nyuma ya matuta yangu,
pale shingo ilipobaki nyembamba,
hatua kumi na tisa, nimezihesabu kimyakimya,
sijamwambia mtu.
Siku ikikatika, maji yatapita mgongoni mwangu,
nami na lengalenga zangu tutaamkia upande wake,
bila kuvuka, bila kuhama.

Juzi nilimwona anaisogeza tanuru,
tofali moja moja, kuelekea kidimbwini.
Aliupungia mkono mto, au labda mimi.
Akapaza sauti akiuliza fungu la mboga ni faranga ngapi.
Nikamtajia bei ya jirani.