Kuhamisha Mguu

Mota ni ya feni ya hita. Niliichomoa
kwenye Nissan iliyomezwa na nyasi nyuma ya soko la Kakamega.
Ndani yake brashi mbili za kaboni, fupi kama meno ya mtoto,
zimeilalia shaba, na zinaisha kwa kuigusa.
Kidhibiti mwendo nilikinunua kwa mvulana wa Lurambi
aliyevunja gari lake la kuchezea:
kisanduku kidogo kuliko kipande cha sabuni,
lakini kinafundishika.

Truphosa Makokha amekaa, goti limefungwa leso.
Shule zinafunguliwa Jumatatu. Sketi sitini na mbili,
kila moja marinda kumi na manne.
"Hiyo kitu itanishonea kidole," anasema.
Namwambia, kwanza nifundishwe mguu wako.

Nikapiga magoti. Nikaweka kiganja juu ya kiatu chake,
kanyagio la chuma likipanda, likishuka,
nikahesabu.
Kumbe haanzi. Anaamka:
kisigino, kituo cha nusu pumzi,
kisha vidole, ndipo gurudumu linakubali.
Kwenye pindo hukimbia. Kwenye kona ya mfuko
hunyata, kama mtu anayepita kando ya mgonjwa aliyelala.
Miaka thelathini na tisa,
na hakuna aliyewahi kuyaandika haya mahali.

Nikaunga waya. Mota ikalia.
Hapo akaruka kitini, goti na yote.
Kisanduku hiki hakina spika, shangazi,
kinatetemesha koili za mota yenyewe mpaka itoe sauti:
ti, mlango wa kwanza, aina ya betri.
Ti-ti, wa pili, breki.
Ti-ti-ti, wa tatu, namna ya kuondoka.
Ukichelewa kukanyaga, mlango unafungwa,
unarudi mwanzo
kama mtoto aliyesahau shairi mbele ya darasa.
"Ndege gani huyu?"
"Wa kuhesabu."
"Basi ahesabu sketi."

Betri: ya sola, risasi na asidi. Ikichoka, ikate
kabla haijafia katikati ya mshono.
Kuondoka: polepole kabisa. (Kisigino.)
Rivasi nimeifunga. Uzi ukirudi nyuma
hupiga fundo chini ya kitambaa, na fundo hilo nalijua,
nililifumua nikiwa na miaka saba, kwa sindano na kwa machozi,
yeye akiwa amesimama nyuma yangu, kimya.

Breki ndiyo iliyotugombanisha.
Kali: sindano ikakwama ndani ya nguo kama msumari.
Bila breki: ikateleza mishono mitatu kupita alama ya chaki,
naye akanitazama alivyokuwa akimtazama marehemu mjomba
aliporudi saa nane za usiku.
Nikaipunguza. "Hii ni nusu," nikasema.
"Mimi sijui nusu," akasema. "Mimi najua hapa."
Akaweka ukucha juu ya chaki.
Tukatafuta hapo mpaka saa kumi,

saa ambayo stima ilipotea soko zima.
Vinyozi wakatoka nje, mashine kimya mikononi,
wateja nyuma yao wakiwa na nusu kichwa.
Kwenye kibanda cha Truphosa, rinda la kwanza likapita.
La pili. La tisa.
Asante hakusema. Alisema uzi wa bluu umebaki kidogo,
nikimbie kabla duka la Mhindi halijafungwa.

Brashi hazitavuka Pasaka. Jozi ya akiba
nimeifunga kwenye karatasi, nimeitia kwenye bati la vifungo,
naye ameshaniuliza mara mbili kama vumbi lile jeusi
litachafua kola nyeupe.

Kanyagio la zamani nilitaka kuling'oa,
halina mkanda tena, halizungushi kitu. Akakataa.
Sasa mguu mzima unabonyeza kipimo
nilichokitengeneza kwa volyumu ya redio mbovu,
mikono inaongoza nguo,
na ule mwingine, wa leso,
uko palepale juu ya chuma,
unapanda kidogo, unashuka kidogo,
hauvuti chochote:
kisigino, nusu pumzi, vidole.