Kioo cha Zenon

Łódź, ghorofa ya nne. Mtandao hukatika
Bogumiła akiwa katikati ya neno.
Uso wa mjukuu waganda, mdomo wazi,
kama samaki wa Krismasi ndani ya bafu.

Amezima ruta, akahesabu thelathini, akaiwasha.
Amebadili chaneli. Amebadili nywila.
Amefuta vumbi, akaomba, akatukana kwa adabu.
Fundi simuni: “Anza upya, mama.”
Kuanza upya, na miaka sabini na sita!

Leo kakishusha kioo cha marehemu,
kizito, mgongo wa fedha,
kilichosimama kati ya ruta na kompyuta
miaka yote.
Ukutani pamebaki mraba mweupe.

Taa ya kijani imetulia.
Mjukuu anacheka, kicheko kizima:
“Bibi, mbona nywele zimesimama?”

Hajui. Hana pa kujitazama.