Yai la Barabara ya Kumi na Nane

Nilipika melini miaka kumi na tisa.
Watoto wa Ngamiani walipokisikia cheo changu cha kizungu
wakakifanya chao: Chifu Kuku.
Sikuwasahihisha. Kuku nilimjua kuliko nilivyomjua nahodha.

Ninalo daftari, jalada limelewa mafuta.
Kila bandari nilishuka, nikanunua yai moja,
nikalichemsha, nikalila kwa chumvi tupu,
kisha nikaandika: nimetoa nini, nimepata nini.

Hamburg. Jeupe, limegongwa muhuri kama pasipoti.
Kiini rangi ya bahasha. Ladha yake hodi isiyoitikiwa.
Kochi. Muuzaji alilifunga kwa gazeti, akalipulizia, sijui kwa nini.
Zuri, ila dogo, ungelimeza huku unaongea.
Yokohama. Bei ilinikasirisha. Nikala. Hasira ikaisha.
Durban, Durban sikumbuki, mvua ilifuta.

Nikarudi Tanga na jibu mkononi
kama wengine warudivyo na redio.
Nikatangaza barazani, Barabara ya Kumi na Nane:
"Dunia nimeilamba. Yai la kienyeji la hapa,
kiini kimeiva kama bungo lililopasuliwa,
halina mwenzake, na bei yake bure!"

Mwajabu alikuwa anakamua shuka la watu.
Hakuinua uso.
"Hilo la Wajerumani, Chifu, ulilifanyia kazi muda gani?"

Nikahesabu kwa vidole. Dakika tatu.
Viazi vitano kuvimenya, basi, yai ni langu.

"Mimi hilo lako la bure, mia tano,
ni ndoo mbili, shuka la sita kwa sita
na suruali ya fundi gereji.
Saa nzima, kama sabuni ina huruma."

Usiku ule nilichukua rula.
Nikapiga mstari mpya daftarini, juu yake nikaandika DAKIKA.
Ah, bandari zikabadilishana viti!
Yokohama iliyonikasirisha ikashuka chini kabisa,
Tanga yangu ya bure ikapanda juu ya zote,
ikakaa huko kama kanzu kwenye msumari, inaniangalia.
Hata mkate. Hata nusu lita ya maziwa.
Chungwa la Muheza tu ndilo lililoniokoa,
lile la kijani, lenye makovu,
kule lisingepewa hata kiti mezani:
msimu wake ukifika, Mwajabu hulipata kwa kusuuza soksi.

Kumbe la msingi nilikuwa sijaliuliza.
Kuku wa Kumi na Nane ni wa nani? Wa Mwajabu.
Watatu, mmoja kishungi, hutagia kwenye beseni bovu.
Mayai yale niliyoyasifu yalitoka mkononi mwake,
yakaenda dukani kwa Mbarouk,
yakarudi dagaa, yakarudi unga.

Nikanunua mawili. Nikayachemsha kwenye jiko lake lile lile,
nikamwekea moja kwenye kisosi, chumvi pembeni,
kama nilivyokuwa nikimwekea nahodha.
La kwangu nilikuwa nimeshalila.

Akalitazama. "Nani mgonjwa?"
Akaita wajukuu. Akalikata kwa uzi, mapande manne,
sawasawa, sonara asingepima vile.
Kidole gumba kikabaki na chembe ya kiini.
Akaipangusa kwenye kanga, huku ananiuliza
kama bombani maji yameanza kutoka.

Daftari liko wazi hapa. Tanga, bei: saa moja.
Safu ya ladha, upande wa mwenye kuku,
nimeandika: bado.