Goti la Aikande

Miaka thelathini na moja nilipima viwanja vya watu,
nikapigilia mambo kwenye pembe za ugomvi wao,
nikastaafu na utepe wa mita hamsini, kofia ya jua,
na bustani ya uani hapa Pasua,
mita tisa kwa kumi na mbili,
isiyowahi kupimwa na mtu.

Siku tatu nilikaa na karatasi ya miraba.
Njia moja tu, nikasema, iliyonyooka:
kutoka mlango wa jiko hadi bombani,
kisha kona, digrii tisini kamili,
kisha bandani kwa kuku.
Upana sentimita tisini, watu wawili wapishane
bila mmoja kukanyaga mchicha.
Na kando, kisakafu cha duara, viti viwili,
pa kuutazama mlima siku ukiamua kujifunua.

Fundi Mchomvu alikuja na toroli linalolia gurudumu.
Hakuitazama ramani. Alimwaga ndoo ya maji mlangoni,
akachuchumaa kuona yanaelekea wapi.
"Kabla ya njia ya watu kuna njia ya maji, mzee.
Ukiyanyima, yatapita sebuleni."
Basi tukaiinamisha sakafu, sentimita mbili kila mita,
mbali na ukuta. Jicho halioni.
Masika yataona.

Tukachimba. Tukamwaga moramu, tukaishindilia
mpaka ikaacha kuitikia kishindo.
Juu yake mchanga wa mtoni, uliochekechwa, ukasawazishwa kwa ubao,
kisha matofali ya kuchoma, moja moja,
nyundo ya mpira, pima-maji juu,
povu lile la hewa likitafuta katikati
kama mgeni anayetafuta kiti.

Jirani Ndeshi alichungulia, akasema kama hotelini.
Nililala na mgongo unaouma, na kiburi.

Juma la pili nyasi zikaanza kusema.
Mstari mwembamba, rangi ya majani makavu,
ulikata mshazari kutoka mlangoni hadi bandani
ukiidharau kona yangu.
Nikaweka jiwe. Mstari ukalizunguka jiwe.
Nikapanda mshubiri. Ukakatwa ncha moja, kwa adabu.
Nikafunga kamba.
Kamba ikaanikiwa kanga.

Nilikuwa karibu kuuliza kwa sauti ya ofisi:
nani mvamizi?
Jumanne, baada ya mvua ya usiku, nyasi zimelowa chepechepe,
nikamwona kupitia dirishani, chai mkononi:
Aikande, ndoo ya pumba mkono wa kushoto,
ameamua leo kunipa heshima, anapita juu ya tofali.
Anafika konani. Anasimama.
Anashika paja kama mtu anayefungua komeo lenye kutu.
Goti linakataa kugeuka.
Anatazama huku na huku, kama mwizi,
anaingia kwenye nyasi zilizolowa,
na goti linakubali.

Tangu lini? Sikumuuliza.
Nimelala kando ya goti hilo miaka arobaini,
mimi mpimaji,
na kipimo chake sina.

Jioni nilitoka na utepe, nikainama kwenye tope.
Hatua ya mguu mzima: sentimita hamsini na mbili.
Hatua ya ule mwingine: thelathini na tisa.
Nikaziandika zote mbili.

Mchomvu alirudi, akacheka mpaka akavua kofia,
kisha akaacha kucheka.
Tulipanga mawe bapa juu ya mstari wake,
refu, fupi, refu, fupi,
mgeni akipita hapo atadhani tulikuwa tumelewa.
Kati ya jiwe na jiwe tumeziachia nyasi nafasi.

Kona yangu ya digrii tisini ipo bado, matofali manne,
haiendi popote.
Kuku mwekundu anaitumia kuota jua.

Aikande hajasema kitu.
Leo ndoo ameibeba kwa mkono wa kulia.