Komeo la Mauza

Bolti nimeibana kwenye jiriwa,
nimeizungushia fulana kuukuu isipate mkwaruzo,
taa nimeivuta chini hadi inanichoma utosi.
Nje theluji ya kwanza inajaribu kuanguka, inaghairi.
Zimebaki siku nne msitu ufunguliwe.

Mwaka jana alisimama hatua arobaini,
elgi dume, pembe kama makoleo mawili yaliyosahauliwa mvuani,
ubavu wote wangu.
Nikasukuma komeo la usalama kwa dole gumba.
Halikwenda.
Nikavua glavu kwa meno, nikasukuma tena
kwa kidole hiki chenye baridi yabisi,
kilichokamua ng'ombe tangu utoto hadi miaka sitini na miwili,
kisha kwa kiganja kizima —
tak!
Akageuza shingo.
Akanitazama kama karani anavyomtazama mtu
aliyefika ofisini dakika ya kufunga.
Misonobari ikajifunga nyuma yake.

Oddbjørn alicheka hadi kahawa ikampalia.
"Badilisha, Ragnfrid. Siku hizi kuna komeo la pembeni,
laini kama siagi, kroni elfu moja na mia mbili,
posta juu yao."
Nikasema nitaangalia.
Bondeni kwetu, nitaangalia maana yake hapana.

Bunduki ni ya baba. Mauza ya vita,
iliyoachwa na jeshi lililorudi kwao mikono mitupu.
Nilidhani ni grisi tu; grisi ikikaa miaka hugeuka gundi.
Nikalisimamisha komeo wima, nikazungusha,
springi ikashusha pumzi,
sindano ikalala juu ya gazeti,
kila kipande kwa zamu yake, kama alivyonifundisha:
kitakachotoka mwisho ndicho cha kwanza kurudi.
Mafuta ya taa. Mswaki.
Uchafu ukatoka mweusi kama kahawa ya matanga.
Komeo likabaki gumu vilevile.

Ndipo nikavaa miwani miwili, moja juu ya nyingine.

Kwenye shina la komeo, vishimo vitatu.
Si kutu. Kutu haijui kuhesabu.
Vimegongwa kwa tindo ya ncha na nyundo ndogo,
chuma kimevimba ukingoni, kinauma tundu lake.
Vishimo hivyohivyo viko kwenye shoka letu,
kwenye sepetu, kwenye ndoo za maziwa:
alama ya Embrik,
baba yangu, ambaye hakuona haja ya kuandika jina.

Ajali haina kinga, walisema watu vuli ile,
walipokuja na keki, kofia mkononi.
Sveinung alikuwa na miaka kumi na mitatu.
Aliruka uzio wa waya, tawi likalisukuma komeo.
Lilikuwa laini wakati huo.
Laini kama siagi.
Baba hakuwajibu neno. Alikula keki.
Usiku nilisikia nyundo kule karakana,
mapigo matatu,
nikageukia ukutani, nikalala.

Miaka hamsini na mmoja nimekuwa nikiilaumu kutu.

Tupa ndogo iko hapa, na msasa wa namba mia sita.
Nusu saa nimeishika tupa, haijagusa kitu.

Nimesugua kimoja.
Nikanywa kahawa iliyopoa.
Nimesugua cha pili, taratibu, kama unamnyoa mgonjwa.
Cha tatu...
cha tatu nimekipulizia vumbi, nimekiacha.

Tone moja la mafuta. Nimeunganisha kinyumenyume.
Nikatoka uani, chemba tupu, nikaihakikisha mara mbili,
nikavaa glavu,
nikasukuma.
Likagoma kidogo, kisha likakubali, bila kelele,
kama mlango wa mtu anayetaka kwanza
umpigie hodi.